Farasi wa Abunusi na Visiwa vya Wak-Wak: Filamu ya Kale Itazamwapo kutoka Pwani ya Cabo Delgado

Utangulizi

Walimu wengi wa Kiswahili huihesabu filamu ya vikaragosi, au katuni kama watoto waiitavyo, kuwa mshindani wa hadithi. Husemwa kwamba tangu ilipoingia majumbani, jamvi la bibi limebaki tupu, na kwamba mtoto aliyezoea picha hana tena subira ya kuitikia fanani. Madai hayo yana ukweli wake, wala hatukusudii kuyapuuza. Hata hivyo, yafaa tujiulize: je, tumewahi kuitazama filamu ya namna hiyo kwa jicho la msimulizi, tukaiuliza maswali yale yale tunayoiuliza ngano darasani? Nani aliyeisimulia? Mambo yake yanatukia wapi? Adui amepewa sura ya nani, na kwa nini?

Katika makala haya tumechagua filamu moja tu, nayo ni kongwe kuliko zote ndefu za aina yake zilizosalia hadi leo: Die Abenteuer des Prinzen Achmed, yaani Visa vya Mwanamfalme Achmed, iliyotengenezwa Ujerumani na Lotte Reiniger na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi Mei 1926. Tunapendekeza msomaji aitazame akiwa amesimama, kwa fikra, juu ya pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, kuanzia mlango wa mto Ruvuma, kupitia Palma na Mocímboa da Praia, hadi kisiwa cha Ibo. Huko ndiko Kiswahili cha kusini kabisa kinakokutana na Kimwani, lugha ya watu wa pwani ambayo ni jirani yake wa karibu. Tutaona kwamba mtu akisimama hapo filamu hubadilika, na mambo yaliyoonekana Berlin kuwa ndoto za mbali hugeuka kuwa mambo ya jirani.

Filamu na utengenezaji wake

Lotte Reiniger alizaliwa Berlin mwaka 1899. Tangu utotoni alikuwa hodari wa kukata sura za watu na wanyama kwa mkasi, na ustadi huo ndio aliouingiza katika sinema. Kazi ya Mwanamfalme Achmed ilianza mwaka 1923 na kuchukua muda wa miaka 3. Gharama zililipwa na Louis Hagen, mwenye benki, ambaye alitoa chumba juu ya gereji yake huko Potsdam kiwe karakana. Carl Koch, mumewe Reiniger, alisimamia kamera. Walter Ruttmann na Berthold Bartosch walisaidia katika mandhari na miujiza. Naye Wolfgang Zeller alitunga muziki.

Njia yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitenda. Kila mhusika alikatwa katika karatasi nzito nyeusi na bamba jembamba la risasi, kiungo baada ya kiungo, kisha viungo vikaunganishwa kwa waya. Sura hizo zililazwa juu ya meza ya kioo iliyomulikwa kutoka chini, kamera ikining'inia juu. Mtengenezaji aliusogeza mkono wa mhusika kidogo, akapiga picha moja. Akausogeza tena, akapiga nyingine. Kwa kazi hiyo ya punje kwa punje ilipatikana filamu ya muda wa saa moja na dakika chache, miaka 11 kabla ya Snow White ya Walt Disney iliyotoka mwaka 1937. Ni kweli kwamba Quirino Cristiani wa Argentina alikuwa ametangulia kutengeneza filamu ndefu ya vikaragosi, El Apóstol, mwaka 1917, lakini kazi hiyo imepotea na hakuna awezaye kuitazama leo.

Kisa kwa ufupi

Mchawi mmoja anaumba farasi arukaye na kumpeleka mbele ya Khalifa. Khalifa anamtaka farasi. Mchawi anataka alipwe kwa kupewa Dinarsade, binti wa Khalifa. Achmed, kaka yake Dinarsade, anapinga, na mchawi anamshawishi ampande farasi amjaribu. Farasi anapaa, na Achmed hajui namna ya kumshusha. Anapofanikiwa kushuka yuko katika visiwa vya Wak-Wak, nchi ya majini, ambako anamwona Pari Banu, malkia wao, akioga ziwani. Anamwibia vazi lake la manyoya na kumchukua hadi China. Mchawi anamfuata, anamnyang'anya bibi huyo na kumwuza kwa mfalme wa China, naye Achmed anaachwa mlimani amebanwa na jabali. Ajuza wa Mlima wa Moto anamwokoa. Majini wanamrudisha Pari Banu Wak-Wak, na lango la nchi yao haliwezi kufunguliwa ila kwa taa ya Aladdin. Basi Aladdin naye anaingia, anasimulia yaliyompata, Ajuza anamshinda mchawi, taa inapatikana, majini wanapigwa, na vijana wanarudi kwao na wachumba wao.

Mwalimu wa fasihi simulizi hatakawia kuona mbinu anazozijua. Kwanza, kisa kizima kinaendeshwa na elimu nusu: Achmed amefunzwa kupaa bila ya kufunzwa kushuka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mtoto yeyote wa pwani aliyesikia ngano mbili tatu anajua kwamba asiyeuliza kabla ya safari atauliza njiani kwa gharama kubwa. Pili, kuna hadithi ndani ya hadithi: Aladdin hatokei tu, bali anaketi na kuyasimulia maisha yake, na sisi watazamaji tunageuka hadhira yake pamoja na Achmed. Tatu, kuna pambano la mageuzi, ambamo mchawi na Ajuza hujigeuza simba, nyoka, nge na jogoo, kila mmoja akitafuta umbo la kumshinda mwenzake. Nne, mwenye sura ya kutisha, yule Ajuza, ndiye mwenye wema. Hapo filamu inatuonya tusimhukumu mtu kwa umbo lake, ingawa, kama tutakavyoona, haikulishika onyo hilo mpaka mwisho.

Lipo jambo la tano, linalohusu kivuli chenyewe. Uso wa kivuli hauonyeshi macho wala tabasamu. Huzuni ya Achmed na hofu ya Pari Banu huonekana katika shingo, mabega na vidole tu. Fanani asimuliaye usiku kando ya kibatari yumo katika hali hiyo hiyo: wasikilizaji hawauoni uso wake vizuri, bali wanaona mkono ulioinuliwa na kichwa kilichoinamishwa, na yaliyobaki wanayajaza wenyewe. Kinachokosekana katika filamu hii bubu ni sauti ya fanani na kiitikio cha hadhira. Hapana wa kusema "Paukwa", wala wa kujibu "Pakawa". Kwa hiyo darasani nafasi hiyo iko wazi, na mwalimu aweza kuijaza.

Nani aliyesimulia?

Reiniger alichukua visa vyake katika Alfu Lela u Lela, akavisuka pamoja: Farasi wa Abunusi, Mwanamfalme Ahmed na Pari Banu, Aladdin, na Hasan wa Basra ambamo mna vazi la manyoya na visiwa vya Wak-Wak. Wasomaji wengi hudhani kwamba visa hivyo vyote vimetoka katika kitabu kimoja cha kale cha Kiarabu. Sivyo.

Antoine Galland, Mfaransa aliyeifasiri Alfu Lela u Lela kati ya mwaka 1704 na 1717, aliishiwa na hadithi katika muswada aliokuwa nao. Mwaka 1709 alikutana mjini Paris na kijana wa Kisiria kutoka Aleppo, aitwaye Hanna Diyab, aliyefika huko akiandamana na msafiri Paul Lucas. Kijana huyo alimsimulia Galland hadithi nyingi kwa mdomo, naye Galland akaandika muhtasari wake katika shajara. Miongoni mwa hadithi hizo ni Aladdin, Pari Banu na Farasi wa Abunusi. Hivyo, katika visa vinne vilivyosukwa na Reiniger, vitatu vilifika Ulaya kwa kinywa cha fanani mmoja. Lakini Galland alipochapisha vitabu vyake hakulitaja jina la Hanna. Lilibaki limefichika katika shajara. Hanna alirudi Aleppo, akazeeka, akaandika kumbukumbu za safari yake; muswada wake umehifadhiwa katika maktaba ya Vatikani, na tafsiri yake ya Kifaransa haikuchapishwa hadi mwaka 2015.

Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu linatuhusu. Ni mara ngapi tumeona vitabu vya ngano za pwani vikiandikwa jina la mkusanyaji juu ya jalada, na ndani yake msimulizi akaitwa "mzee mmoja wa kijijini"? Hadithi ilisafiri miaka mingi na nchi nyingi bila ya jina la aliyeitoa, ikavikwa picha na muziki, ikasifiwa duniani kote. Fanani hakudaiwa wala hakushukuriwa.

Wak-Wak ni wapi?

Kwa mtazamaji wa Berlin, Wak-Wak ilikuwa nchi isiyokuwako. Kwa mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi wa karne ya 10, Waqwaq ilikuwa nchi yenye watu, bidhaa na hatari, na baadhi yao waliiweka upande wetu wa bahari.

Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad, alisafiri katika bahari ya Zanj, na mara yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, yaani 916. Wataalamu wengi huelekea kuamini kwamba Qanbalu ni kisiwa cha Pemba katika Tanzania ya leo, wala si mji wa Pemba wa Cabo Delgado ambao enzi za Wareno uliitwa Porto Amélia. Al-Masudi anaeleza kwamba bahari ya Zanj hukomea katika nchi ya Sofala na Waqwaq, nchi yenye dhahabu nyingi, ambayo ndiyo mwisho wa safari za majahazi ya Oman na Siraf. Anaongeza jambo la kumfurahisha kila mwalimu wa lugha: kwamba Wazanj ni wasemaji fasaha, na miongoni mwao wamo wahubiri wanaowausia watu kwa lugha yao wenyewe.

Buzurg bin Shahriyar, nahodha aliyekusanya visa vya mabaharia katika karne hiyo hiyo, anasimulia kwamba mwaka 334 wa Hijra, sawa na 945 hivi, watu wa Waqwaq walikuja na mashua zipatazo 1,000 wakaishambulia Qanbalu, baada ya kupora vijiji katika nchi ya Sofala. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, walitafuta pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari na watumwa. Wataalamu hawajakubaliana juu ya asili ya watu hao. Wako wanaotaja Madagaska, wako wanaotaja visiwa vya Indonesia ambako wahenga wa Wamalagasi walitoka, na wako wanaosema kwamba jina hilo lilitumika kwa nchi zaidi ya moja, hata za mashariki ya mbali.

Sasa na tuitazame ramani. Chombo kilichotoka kwenye visiwa vya kaskazini kwenda Sofala hakikuwa na njia ila kuipita pwani ya Cabo Delgado. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliambiwa kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi. Katikati ya mwendo huo mna rasi ya Cabo Delgado, ghuba ya Tungi ambako leo uko mji wa Palma, na visiwa vya Kerimba. Basi watu wa pwani hii hawakuisikia Waqwaq kama nchi ya mawinguni. Kama Buzurg anasema kweli, hadithi ambayo Ulaya iliipokea kama ndoto ilikuwa, kwa babu wa Wamwani au kwa majirani zao, habari ya mashua za adui zilizoonekana upeoni. Hivi ndivyo historia igeukavyo ngano: kwanza ni tukio, kisha habari, kisha tahadhari kwa watoto, na mwisho ni nchi ya majini.

Mchawi wa Kiafrika

Tulimwacha mchawi bila ya nasaba makusudi. Katika filamu anaitwa "mchawi wa Kiafrika", na amekatwa mgongo uliopinda, vidole virefu kama kucha na mwendo wa kunyatia. Jina hilo halikutoka katika kisa cha farasi, kwani huko mwenye farasi ni Mhindi kwa Galland, na ni hakimu wa Kiajemi katika matoleo ya Kiarabu. Limetoka kwa Aladdin, ambamo Galland aliandika "mchawi wa Kiafrika" akikusudia mtu wa Maghrib. Ikumbukwe kwamba kwa Waarabu Ifriqiya ilikuwa hasa nchi ya Tunisi na jirani zake, wala si bara zima.

Reiniger aliwaunganisha wachawi wawili kuwa mmoja. Lakini neno lililotoka Tunisi halikufika Berlin likiwa na maana ile ile. Mwaka 1926 neno Afrika katika masikio ya Wajerumani lilibeba kumbukumbu ya makoloni, na kumbukumbu hiyo inaigusa pwani tunayoizungumzia. Tungi ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka Wareno walipoitwaa kwa nguvu mwaka 1887. Miaka 7 baadaye, mwaka 1894, Wajerumani waliichukua Kionga, kipande cha ardhi kusini ya mlango wa Ruvuma, wakakishikilia hadi Wareno walipokitwaa mwaka 1916. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukathibitisha. Kwa hiyo filamu ilipoonyeshwa, ilikuwa imepita miaka 10 tu tangu bendera ya Ujerumani iteremshwe Kionga.

Hatusemi kwamba Reiniger alikusudia kuwatukana Waafrika. Wahusika wake wote ni vivuli. Khalifa ni mweusi sawa na mchawi. Tunachosema ni kwamba jina la adui ni sehemu ya usimulizi, na haliingii hadithini bila ya mizigo yake. Mwanafunzi wa Palma au Mocímboa akiona maandishi hayo ana haki ya kuuliza, na mwalimu ana wajibu wa kumjibu kwa historia badala ya kuipitisha haraka sehemu ile. Vivyo hivyo kuhusu vazi la Pari Banu: shujaa wetu ni mwizi, na penzi lake limeanza kwa kumnyima mtu njia ya kurudi kwao. Watoto wakiulizwa, husema mengi juu ya jambo hili.

Pwani iliyotawanywa

Swali la nani anasimulia si la zamani tu. Msumbiji huru iliitambua nguvu ya sinema mapema. Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975 iliundwa taasisi ya taifa ya sinema, na magari yakapeleka filamu vijijini. Mwaka 1979 Ruy Guerra alitengeneza Mueda, Memória e Massacre, ambamo wakazi wa Mueda, uwanda wa juu wa Cabo Delgado, wanaigiza wenyewe mauaji ya tarehe 16 Juni 1960. Hapo fanani na mashahidi ni watu wa mahali penyewe. Kamera imekuja kusikiliza. Ni kinyume kabisa cha yaliyompata Hanna Diyab.

Lakini tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, pwani hii imepita katika msiba mkubwa. Kimbunga Kenneth kiliipiga mwezi Aprili 2019, na Palma ikashambuliwa mwezi Machi 2021. Mamia ya maelfu ya watu waliyahama makazi yao, wakakimbilia Pemba, Metuge, Montepuez, Nampula na kwingineko, shule zilichomwa. Baadaye wengi walirejea, wengine hawakurejea. Mwanahadithi aliyekuwa Mocímboa akajikuta katika kambi, na wajukuu waliomwitikia wakatawanyika. Ngano haikai katika karatasi. Hukaa baina ya anayesema na anayeitikia. Wakitenganishwa wawili hao, inakufa hata kama wote wawili wako hai.

Hapa sisi walimu wa Kiswahili tuna jukumu, na pia tuna hatari ya kukosea. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa tangu mwaka 1930 na kamati ya nchi zilizokuwa chini ya Uingereza. Pwani iliyo chini ya Ureno haikuwamo. Hata hivyo huko nako watu waliandika: barua za masheikh na watawala wa kaskazini mwa Msumbiji za karne ya 19, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa Maputo. Mwalimu anayerekodi ngano ya Kimwani asiisahihishe kuwa Kiswahili Sanifu. Aiandike kama ilivyosemwa, ndipo atoe tafsiri pembeni.

Mapendekezo kwa darasa

Kwanza, filamu hii haina mazungumzo ya sauti. Mwalimu aionyeshe kwa vipande, na mwanafunzi mmoja awe fanani akisimulia kwa Kiswahili au Kimwani huku wenzake wakiitikia. Pili, wanafunzi wakate vivuli vyao kwa karatasi na kutunga kisa cha chombo kinachopita kati ya Kilwa na Sofala. Tatu, kila mwanafunzi akamwombe mzee mmoja hadithi moja, na kwa idhini yake aandike jina lake, mahali alipozaliwa, na nani aliyemsimulia yeye.

Hitimisho

Tumeiona filamu iliyotengenezwa juu ya gereji huko Potsdam ikifuatwa nyuma mpaka kwa kijana wa Aleppo, na kutoka kwake mpaka kwa mabaharia waliopita mbele ya Tungi. Katuni haikuiua hadithi. Iliibeba, ikaipoteza jina la mwenyewe, na ikambandika adui jina lisilo lake. Makosa ya namna hiyo hurekebishwa na walimu wanaouliza. Wazee wa pwani ya Cabo Delgado bado wapo, baadhi yao wakiwa mbali na nyumba zao, na hadithi zao zinangoja mtu wa kusema, "Hadithi njoo."